Mashine "imeaktiveti", lakini leseni iko wapi?

SWALI: Nina duka la zana za uvuvi Kirumba, Mwanza, karibu na soko la Mwaloni. Tunauza nyavu, kamba, maboya na vipuri vya injini za mitumbwi. Tuna kompyuta saba, nyingi ni mtumba. Fundi alitupigia Windows na Office kwa shilingi 20,000 kila moja, akatuwekea na Tally ya vitabu vya hesabu pamoja na Photoshop ya kutengenezea mabango. Sasa mashine mbili zinatoa ujumbe kwamba leseni ya Windows inakaribia kuisha. Wakati huohuo mteja wetu mkubwa, kiwanda cha minofu, ametuletea fomu ya wasambazaji yenye kipengele cha kuthibitisha kuwa programu zetu zote zina leseni halali. Fundi anasema hakuna tatizo kwa sababu zote zimeaktiveti. Nitajuaje ukweli, na nikikuta mambo hayako sawa nifanye nini bila kufunga duka?

JIBU: Fomu hiyo usiisaini bado. Fundi wako hakudanganyi kabisa, maana mashine zimeaktiveti kweli. Ila kuaktiveti ni hali ya programu ndani ya mashine, na leseni ni ruhusa uliyopewa na mwenye programu: mashine ngapi, watu wangapi, kwa shughuli gani. Hali hiyo mtu anaweza kuichakachua kwa dakika tano akiwa na flashi. Ruhusa ama umepewa na una karatasi yake, ama hukupewa. Zile 20,000 zilikuwa za ufundi, yaani mkono wa kupiga Windows, na hazikununua leseni yoyote.

Kabla hujagusa chochote, kumbuka jambo moja ambalo ukaguzi wote unalitegemea: kompyuta inaweza kukufichulia leseni ya wizi, lakini haiwezi kukuthibitishia kwamba ulinunua. Uthibitisho wa kununua unakaa kwenye faili la karatasi au kwenye barua pepe ya kampuni. Kwa hiyo utakagua pande mbili, na mashine ndiyo rahisi zaidi.

Anza na moja ya zile mbili zinazolalamika. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika maneno haya kisha bonyeza Enter:

slmgr /dlv

Subiri sekunde kadhaa, kitafunguka kidirisha chenye mistari mingi ya Kiingereza. Tafuta mstari unaoanza na "Description". Mwishoni mwake, kabla tu ya neno "channel", kuna neno la herufi kubwa. Hilo ndilo linalokuambia leseni iliingia kwa mlango gani. "OEM_DM" maana yake ufunguo umetoka kiwandani ukiwa ndani ya mashine. "RETAIL" ni leseni ya rejareja. "VOLUME_MAK" na "VOLUME_KMSCLIENT" ni leseni za jumla za taasisi.

Kwenye hizo mbili, karibu hakika utakuta VOLUME_KMSCLIENT. Mpango wa KMS umetengenezwa kwa ajili ya vyuo, benki na mashirika yenye mashine nyingi. Taasisi inakuwa na seva yake ya ndani, na kompyuta za ofisi zinaripoti kwake. Seva hiyo haianzi kuaktiveti Windows za mezani mpaka zifike mashine 25. Kwa Office ni 5. Mashine ikishaaktiveti inapewa siku 180, na kila baada ya siku 7 inajaribu kuzihuisha. Duka lenye kompyuta saba halina seva ya namna hiyo, na hata lingekuwa nayo lisingefikisha 25. Kilichofanyika ni kwamba fundi aliweka kijiprogramu kinachojifanya seva ndani ya mashine yenyewe, au aliielekeza mashine kwenye seva ya watu wasiojulikana huko kwenye intaneti. Kwenye kidirisha hichohicho angalia mstari wa jina la mashine ya KMS: ukikuta namba zinazoanza na 127 au jina la tovuti usiyoijua, umepata jibu.

Hapo pia ndipo ujumbe wako unapotokea. Kile kijiprogramu kimeondolewa na antivirusi, au ile seva ya mtandaoni imezimwa, kwa hiyo hakuna wa kuhuisha na siku 180 zinayoyoma. Ukiandika slmgr /xpr mashine itakuambia tarehe kamili ya kukatika. Fundi akija "kurekebisha" atarudisha kilekile, nawe utakutana na ujumbe huohuo tena.

Rudia kwenye mashine zote saba. Ukikuta RETAIL usishangilie. Kuna njia mpya za kuchakachua zinazoifanya Windows ionyeshe leseni ya kidijitali ya rejareja, na hakuna amri yoyote itakayokufichulia. Hapo unarudi kwenye karatasi: nani aliinunua, lini, kwa risiti ipi? Kama hakuna jibu, iandike "haina uthibitisho". VOLUME_MAK nayo iandike hivyohivyo. Huo ni ufunguo wa kampuni fulani wenye idadi maalumu ya mashine, na ndio huuzwa mtandaoni kwa bei ya kutupa. Unafanya kazi miezi kadhaa, halafu Microsoft wanaufunga na muuzaji hapatikani tena.

Sasa habari nzuri, ambayo wenye maduka wengi hawaijui. Mashine za mtumba zinazoingia mjini, Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad, nyingi zilitoka kiwandani na Windows Pro halali, na kuanzia enzi za Windows 8 ufunguo wake umehifadhiwa ndani ya mazabodi, yaani ubao mkuu wa mashine. Inawezekana kabisa fundi alifunika leseni yako halali kwa leseni ya wizi, kwa sababu tu flashi yake ndivyo ilivyotengenezwa. Fungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri lililomo ndani ya Windows, andika:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Likitokea fungu la herufi na namba 25, mashine hiyo ina leseni yake ya kuzaliwa nayo. Likirudi tupu, haina, au mazabodi ilishabadilishwa. Usipige picha hizo herufi na kuzirusha kwenye grupu la WhatsApp. Ziandike kwenye daftari. Leseni hii haihamishiki. Imefungwa na mashine hiyo, inauzwa nayo na inakufa nayo. Kama ufunguo ni wa Windows 10 au 11, kazi ni kupiga Windows upya kwa toleo lilelile la Home au Pro, na itajiaktiveti yenyewe ikipata intaneti. Ufunguo wa Windows 7 au 8 hauaktiveti tena Windows mpya. Microsoft waliufunga mlango huo mwaka 2023.

Angalia pia umri wa prosesa. Windows 11 inataka, pamoja na mambo mengine, chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kizazi kinasomeka kwenye jina: i5-6300U ni cha 6, i5-8350U ni cha 8. Mashine ya kizazi cha 6 itabaki na Windows 10, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Leseni yake inaendelea kuwa halali, ila viraka vya usalama haipati mpaka ulipie huduma ya nyongeza. Kwa biashara huduma hiyo ilianzia dola 61 kwa mashine kwa mwaka wa kwanza na inapanda maradufu kila mwaka, kwa muda usiozidi miaka mitatu. Kwa laptopu kuukuu ya stoo hesabu hiyo haina mantiki. Iwekee Linux Mint na LibreOffice, vyote ni vya bure hata kwa biashara. Hakikisha kwanza printa ya risiti na chochote kinachounganishwa na mashine ya EFD vinafanya kazi humo.

Office ina mitego yake. Fungua Word, nenda File kisha Account. Kama imeandikwa "Professional Plus", iwe 2016, 2019 au 2021, jiulize duka lako liliingia lini mkataba wa leseni za jumla, maana toleo hilo ndiko linakouzwa. Kwenye maduka ya rejareja halipo. Ukitaka kuona kwa undani, fungua Command Prompt, ingia kwenye folda ya Office16 iliyo ndani ya C:\Program Files\Microsoft Office, kisha andika cscript ospp.vbs /dstatus. Utasoma neno lilelile la KMSCLIENT pamoja na siku zilizobaki. Folda hiyo isipokuwepo, tafuta kwenye Program Files (x86).

Kuna pia leseni ya kweli iliyowekwa mahali pasipo pake. Office Home & Student 2021 na matoleo yaliyoitangulia yanauzwa kwa matumizi ya nyumbani, si ya biashara. Microsoft 365 Family nayo ni ya familia, watu hadi sita, wala haijengewi ofisi. Mwenye duka aliyelipa pesa halali kununua mojawapo na kuiweka kaunta hajaiba, lakini kipengele cha fomu yako hakimfuniki.

Mbaya kuliko zote ni ile "akaunti ya Microsoft 365 ya maisha". Muuzaji anakupa jina la kuingilia na pasiwedi, na jina lenyewe linaishia na onmicrosoft.com au na jina la chuo cha nchi ambayo hujawahi kufika. Microsoft 365 ni ya kulipia kwa mwezi au mwaka. Ya maisha haipo. Akaunti hiyo iko chini ya msimamizi wa taasisi fulani, naye ana uwezo wa kuingia kwenye mafaili uliyoweka OneDrive na kuifuta akaunti siku akishtuka. Ukiikuta dukani, toa mafaili leo.

Photoshop haichukui muda. Adobe waliacha kuuza Photoshop ya kulipia mara moja baada ya CS6 ya mwaka 2012. Kuanzia Photoshop CC ya mwaka 2013 ni ya kulipia kwa kipindi. Kwa hiyo "Photoshop 2023, lipa mara moja" haina mjadala. Ukitaka kuona kwa macho, fungua kwa Notepad faili liitwalo hosts lililo ndani ya C:\Windows\System32\drivers\etc. Kwa kawaida mistari yake yote huanza na alama ya #. Ukikuta mistari isiyo na alama hiyo, inaanza na 127.0.0.1 au 0.0.0.0 na mbele yake kuna majina ya seva za adobe.com, ujue mtu ameizuia programu isiwasiliane na mwenyewe. Kwa mabango ya punguzo la bei, Inkscape na GIMP zinatosha na ni za bure. Zimezoea rangi za skrini kuliko za mashine ya kuchapia, kwa hiyo omba sampuli kwanza kabla ya kuchapisha bango la mita tatu. Ile buluu ya ziwa inaweza kutoka zambarau.

Tally ndiyo ya kuipa uzito, kwa sababu humo ndimo vitabu vyako vya hesabu vilimo. Tally isiyo na leseni hufanya kazi kwa hali ya mafunzo, ambayo inakubali kuingiza miamala ya tarehe chache tu za mwezi. Kama yako inakubali tarehe zote, angalia sehemu ya leseni: lazima kuna namba ya usajili na barua pepe iliyosajiliwa. Hapa ndipo unapoweza kukuta leseni halali kabisa iliyosajiliwa kwa barua pepe ya fundi. Ulilipa wewe, anayeishika ni yeye, na siku mkigombana anaweza kuihamishia kwingine. Mwombe abadilishe ije kwenye barua pepe ya kampuni kabla hujamwambia lolote kuhusu Windows. Angalia na aina yake: Silver ni ya mtumiaji mmoja, Gold ni ya watumiaji wengi kwenye mtandao wa ofisi. Kama watu watatu wanaingia kwa mbali kwenye kompyuta moja ya Windows Pro kwa wakati mmoja ili watumie Tally moja, hapo pamechakachuliwa pia. Windows Pro inaruhusu mtu mmoja kwa wakati. Zaidi ya hapo inatakiwa Windows Server na leseni za watumiaji wake.

Kisha kuna vidogovidogo ambavyo kila mtu huvisahau kwa sababu vinaitwa vya bure. TeamViewer na AnyDesk, za kuingilia kompyuta kwa mbali, ni bure kwa matumizi binafsi tu, na TeamViewer hukata mawasiliano ikishuku biashara. WinRAR, ya kufungulia mafaili yaliyobanwa, ni majaribio ya siku 40, hata kama inaendelea kufunguka miaka mitano baadaye. Iondoe, weka 7-Zip. Ili usiruke kitu, kwenye kila mashine fungua Command Prompt, andika winget list > orodha.txt, na utapata faili la kila kilichomo. Linganisha mstari kwa mstari na risiti zako. Kazi hii inachosha, ila ndiyo ukaguzi wenyewe.

Sasa kusafisha. Usitafute namna ya kuondoa kijiprogramu cha kukraki, yaani cha kuvunjia leseni, na kuiacha Windows ileile. Vitu hivyo kabla ya kuingia hutaka antivirusi izimwe, na vingi huacha ruhusa ya kudumu. Nenda Windows Security, kwenye mipangilio ya virusi, utazame orodha ya "Exclusions". Ukikuta folda humo ambayo hukuiweka, kuna kitu kilichoambiwa kisichunguzwe. Ndani yake kunaweza kuwa na programu inayobeba pasiwedi zote zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Anayezipata hana haja ya kukuibia dukani. Anasoma barua pepe zako na kiwanda, anasubiri siku ya ankara, anaituma upya ikiwa na akaunti nyingine ya benki. Wapo pia wanaofunga mafaili wakidai fidia. Virusi vya jamii ya Djvu husambaa hasa kwa kupitia programu zilizokrakiwa.

Kwa hiyo ni kufuta diski na kupiga upya, mashine moja kwa usiku mmoja, na kaunta iwe ya mwisho. Pakua Windows kutoka tovuti ya Microsoft kwenye mashine moja tu, kwa kile chombo chao cha kutengenezea flashi. Andaa flashi ya GB 8 na bando la GB 6 hivi, kisha flashi hiyohiyo itumike kwa zote zinazowekewa Windows ya namba hiyohiyo. Kabla ya kufuta, nakili data ya Tally, barua pepe za Outlook, na kilichopo Desktop na Documents kwenye diski mbili tofauti. Fungua nakala ya Tally kwenye mashine nyingine uhakikishe inafunguka. Usinakili faili lolote la kusakinishia programu. Pasiwedi zibadilishe baada ya kusafisha, ukiwa kwenye mashine safi. Ukizibadilisha kabla, utakuwa umemwandikia mwizi mpya.

Kwa mashine zisizo na ufunguo ndani, na kwa Office, utanunua. Sema na muuzaji kwa maandishi. Ankara isiandikwe "Office x 7". Iandikwe jina kamili, mwaka, toleo, aina ya leseni na idadi ya mashine, kwa mfano "Office Home & Business 2024, PC 1". Iwe na jina la kampuni na TIN yenu, na risiti ya EFD ifuate. Anayekataa kuandika aina ya leseni amekwishakujibu. Zote zisajiliwe kwa barua pepe ya kampuni, si ya fundi wala ya mtoto wa shangazi anayejua kompyuta. Na si lazima ununue saba. Kama mashine mbili za stoo zinafungua lahajedwali ya mali tu, LibreOffice inatosha. Ukichagua Microsoft 365 ya biashara, soma jina vizuri: Business Basic ni ya kwenye kivinjari na simu tu, Word ya kusakinisha kwenye kompyuta haimo.

Upande wa sheria, programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Sura ya 218, ya mwaka 1999. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinaadhibu kukiuka hakimiliki kwa kutumia kompyuta, na adhabu ya anayefanya kibiashara ni kali kuliko ya asiye wa biashara. Wewe ni biashara. Tena kama unatunza majina na namba za simu za wavuvi wanaokopa nyavu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakutaka uzilinde, na ni vigumu kudai unazilinda kwenye mashine iliyozimwa antivirusi.

Kuhusu fomu, usiweke alama ya "ndiyo" na usikae kimya. Idara ya manunuzi ya kiwanda haitegemei kukuta duka la Kirumba lisilo na dosari. Inachoogopa ni tamko la uongo lenye muhuri wako. Ukishamaliza orodha, jaza hivi, ukiweka namba zako: "Tumekagua kompyuta 7. Kompyuta 4 zina leseni ya Windows iliyothibitishwa. Zilizobaki 3, pamoja na Office, zinabadilishwa na zitakamilika ifikapo tarehe fulani. Orodha ya mashine na nakala za risiti zimeambatishwa." Weka tarehe unayoiweza kweli, kisha nakala ya fomu ikae kwenye faili moja na risiti.